Mbwa tunayemfungia bandani ni mchungaji

Ndugu Mhariri,

Wiki tatu zilizopita, hapa mtaani kwetu Moshono, Arusha, mbwa wa aina ya German Shepherd alichoropoka bandani akamng'ata paja mtoto wa darasa la tatu. Ilikuwa saa saba mchana, watoto wanarudi nyumbani kula. Dada wa kazi alikuwa amefungua mlango wa banda asukume sufuria ya ugali kama afanyavyo kila siku, mbwa akapenya pembeni ya mguu wake. Geti nalo lilikuwa wazi kwa sababu gari la maji lilikuwa linaingia. Haikupita robo saa, mbwa alikuwa ameuawa kwa mawe na mapanga, na mwenye nyumba anaomba radhi huku akitafuta nauli ya kumpeleka mtoto hospitali.

Mtoto anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Nilifika mama yake akiwa amemfunga kitenge juu ya jeraha, analia. Nikamwambia, mama, kabla ya gari tuanze na maji. Tulimweka chini ya bomba tukaosha kidonda kwa sabuni dakika 15 kamili, nikiangalia saa ya simu, ndipo wakaenda kuanza chanjo ya kichaa cha mbwa. Kule daktari aliuliza swali moja tu lililotunyamazisha wote: mbwa yuko wapi? Mbwa aliyeng'ata akiwa hai hufungwa akaangaliwa siku 10. Akizimaliza ni mzima, inajulikana kwamba siku ile aliyong'ata mate yake hayakuwa na kichaa. Mbwa huyu alikuwa ameshachomwa moto jalalani, na cheti chake cha chanjo hakikuonekana.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni maneno niliyoyasikia jioni ile, watu walipokuwa wamesimama nje ya duka. "Hao German Shepherd ndivyo walivyo. Ni mbwa wa polisi, damu yao ni kali." Watu wazima walitikisa kichwa, jambo likaisha. Mimi ninaishi na mbwa wa aina hiyohiyo mwaka wa sita sasa. Analala kwenye korido, mlangoni pa chumba cha watoto wangu watatu. Yule aliyekufa nilikuwa nampita kila asubuhi nikienda kazini, naona pua yake katikati ya mbao. Nilijua anaelekea wapi, kwa sababu wa kwetu naye alianza kuelekea hukohuko, na mikono iliyomsukuma ilikuwa yetu.

Tulimchukua mwaka 2019, baada ya wezi kuruka ukuta wakaondoka na betri ya gari na kuku 11. Mume wangu alitoa shilingi laki nne, akaja na kitoto cha miezi miwili chenye masikio yaliyolala, tukamwita Doria. Fundi alijenga banda la mbao na nyavu, mita moja na nusu kwa mbili. Tukapewa masharti ambayo nadhani kila mwenye mbwa katika nchi hii ameshapewa: mchana afungiwe, usiku afunguliwe, amlishe mtu mmoja tu, watoto wasimzoee, maana mbwa akizoea watu hawi mkali. Kuna aliyetushauri tumchanganyie pilipili kwenye chakula. Pilipili hatukumpa. Mengine yote tuliyafuata.

Alipofika miezi saba alikuwa anazunguka ndani ya lile banda kama ng'ombe wa kukamua alizeti, upande mmoja tu, kulia, kulia, kulia, mpaka sakafu ya udongo ikafanya mfereji. Alitafuna mbao za mlango. Alilamba mguu wa mbele mpaka manyoya yakaisha na nyama ikaonekana. Alibweka tangu adhana ya alfajiri hadi jua linazama, na jirani yetu, bibi anayeishi peke yake, alikuja kwa adabu zake zote akatuambia, wanangu, mimi silali tena. Usiku tukimfungulia alikuwa anakimbia kuzunguka nyumba bila kusimama, anaangusha ndoo, anang'oa migomba michanga. Mume wangu akaanza kuzungumza habari za kumuuza.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nikikwama, husoma. Na kitu cha kwanza nilichogundua kilikuwa kwenye jina lenyewe, ambalo tunalitamka kila siku bila kulisikiliza. German Shepherd maana yake ni mchungaji wa Kijerumani. Mwaka 1899 huko Ujerumani, ofisa wa kikosi cha wapanda farasi, Kapteni Max von Stephanitz, alimwona mbwa wa kuchungia kondoo kwenye maonyesho mjini Karlsruhe. Akamnunua palepale, akambadilisha jina kutoka Hektor Linksrhein kuwa Horand von Grafrath, na mwezi huohuo wa Aprili yeye na wenzake wakaunda chama cha wafugaji wa mbwa hao. Horand ndiye aliyeandikwa wa kwanza katika daftari la ukoo.

Na kazi ya wazee wa Horand ilikuwa hii. Kondoo walilishwa kwenye vipande vya majani vilivyobanwa kati ya mashamba ya nafaka, na mashamba hayo hayakuwa na uzio. Mbwa alitembea mpakani, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kutwa nzima, kondoo asitie mguu kwenye ngano ya mtu. Mchungaji alisimama na fimbo yake. Uzio alikuwa mbwa. Baadaye makundi ya kondoo yalipopungua na kazi hiyo kuanza kupotea, Stephanitz mwenyewe ndiye aliyewahimiza polisi na jeshi wawachukue mbwa hawa, ili wapate kazi nyingine. Upolisi ulikuja baadaye, kwa sababu ya uchungaji: miguu isiyochoka, sikio linalomngoja mwenye mbwa aseme nini, na shauku ya kutumwa.

Nilipofika hapo nilitoka nje nikamwangalia Doria anavyozunguka. Mfereji ule kwenye sakafu, Mhariri, ulikuwa ule mpaka wa shamba. Alikuwa anafanya kazi aliyozaliwa nayo, katika mita moja na nusu kwa mbili, bila kondoo hata mmoja.

Binti yangu mkubwa, wakati huo ana miaka minane, alikuwa ameshatangulia kuelewa. Tulikuja kujua kwamba kila alasiri alikuwa anaketi nje ya banda na daftari lake, anamsomea mbwa hadithi za kitabu cha shule kwa sauti, na muda wote huo mbwa alikuwa amelala kimya, masikio juu. Tulikuwa tumemkataza kumkaribia. Sikumchapa. Siku ya Jumamosi mume wangu alifunga geti, akashika kamba, tukamfungulia mchana kwa mara ya kwanza.

Sitadanganya kwamba siku ile mambo yalinyooka. Watoto walikuwa wanacheza rede uani na wenzao wanne. Doria aliwazunguka kwa kasi, tumbo karibu na ardhi, na kila aliyejitenga na wenzake alimwendea kwa nyuma akambana kisigino kwa meno, bila kutoboa ngozi, mpaka arudi katikati. Kwa dakika chache nilikuwa na watoto saba wamesimama katikati ya uwanja wamegandana, wanapiga kelele, na mbwa anawazunguka akiwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni pake. Mdogo kuliko wote, mtoto wa jirani, alianguka akachubuka goti. Mama yake alikasirika na alikuwa na haki.

Hapa ndipo ningependa wasomaji wenye mbwa hawa wasimame kidogo. Meno yale ya kisigino ndiyo watu wanayaita ukali. Mbwa akipigwa teke au fimbo kwa ajili yake, anajifunza kwamba watoto wakikimbia yeye huumizwa, na huo ndio ukali wenyewe unaanza. Sisi tulifanya jambo dogo linalochosha: meno yakigusa mguu, mchezo unakufa. Watoto wanasimama kama miti, mikono kifuani, hakuna anayepiga kelele wala kukimbia, na Doria anawekwa nje ya uwanja dakika mbili. Kisha tunaanza upya. Tulifanya hivyo karibu miezi miwili. Wageni wadogo hawakuachwa naye peke yao hata dakika moja, na mpaka leo hawaachwi.

Kazi nyingine ilikuwa kumpa kitu badala ya visigino. Tulimfundisha maneno manane ya Kiswahili: kaa, lala, njoo, acha, subiri, tafuta, leta, rudi. Alijifunza upesi kuliko sisi tulivyojifunza kuyasema kwa sauti moja, maana mume wangu anasema "kaa", mimi nasema "keti", na mbwa anatutazama kwa zamu. Neno lililotuokoa ni "tafuta". Mtoto anaficha ndala ya baba nyuma ya simtanki, juu ya kuni, ndani ya gunia la mkaa, halafu anamwachia. Pua inafanya kazi dakika kumi, na baada ya hapo mbwa mwenye kilo 36 anajitupa chini na kulala kuliko angetembezwa kilomita tatu. Watoto wakicheza kombolela yeye ndiye anayehesabu, na hakuna aliyewahi kujificha akamkosa.

Asubuhi anatoka saa kumi na moja na nusu, mimi au mume wangu, dakika 40 kwa kamba fupi. Njiani tunakutana na wazee wanaokwenda kuswali. Mwanzoni mmoja wao alikuwa anavuka barabara akitukunjia uso, nami sikujua nimemkosea nini. Nilimfuata nyumbani kwake siku moja bila mbwa, nikamsalimu, nikamuuliza. Akanieleza kwa upole kwamba mate ya mbwa yakimgusa inambidi ajitahirishe upya, aoshe mara saba na mojawapo iwe kwa udongo, na jamaa inaswaliwa kwa saa yake, haimngoji mtu. Tukakubaliana mimi ndiye nivuke, upande wa mtaro, nikimwona kwa mbali. Aliponisindikiza mlangoni akaongeza kwamba katika dini yake mbwa wa kuchunga mifugo ni katika wale walioruhusiwa. Nikamwambia huyu ndiye, hata kama kondoo hana. Sasa akituona ananyanyua bakora kunisalimu.

Doria alikuja kuwaona kondoo mwaka 2021. Baba mkwe anakaa Monduli, ana mbuzi na kondoo wapatao 60. Likizo ya Desemba tulikwenda naye kwenye gari, nami niliogopa sana, maana mifugo ya mzee si mahali pa kujaribia mbwa wa mjini. Wamasai wana mbwa tangu zamani, lakini kuchunga ni kazi ya watoto. Mbwa hulala pembeni, na fisi au mgeni akija hupiga kelele. Babu alimtazama Doria akauliza anakula nini, nikamwambia ugali wa dona, dagaa, mboga, na Jumamosi makongoro. Akasema, basi anakula kuliko mimi.

Jioni kundi liliporudi, mume wangu alimshika kamba ndefu nje ya boma. Hakubweka. Alitetemeka mwili mzima. Mzee akasema mwache aende, kamba aiburuze. Akaenda upande wa korongo, ambako kondoo walikuwa wanaanza kutawanyika kufuata majani, akatembea pembezoni mwao, kwenda na kurudi, kwa mwendo ule niliouona kwenye banda. Kondoo wakajikusanya wakageukia zizini. Mbuzi hawakumheshimu hata kidogo, na dume mmoja alimpiga pembe mbavuni. Alirukia kondoo jike mmoja vibaya, tukamwita "acha" kwa sauti kubwa, akaacha. Hakuwa amefundishwa na mtu yeyote, wala mama yake hakuwahi kuona kondoo. Baba mkwe alisimama ameegemea fimbo, akasema, "Huyu ni layoni. Mmemfungia layoni ndani ya kibanda." Layoni ni kijana wa Kimasai wa kuchunga. Nilishindwa kumjibu.

Tangu siku hiyo mume wangu hajazungumza tena habari za kumuuza. Banda alilivunja yeye mwenyewe, mbao tukatengenezea viota vya kuku. Na kuku hao ndio kondoo wake sasa: saa kumi na mbili jioni anawaswaga taratibu mpaka waingie, akimaliza anakuja kunitazama usoni mpaka niseme vema. (Mmoja alimuua mwezi wa kwanza. Tulimla, tukaanza upya na kamba.)

Kuna watakaouliza, je, bado analinda? Analinda. Mwaka juzi watu walikuja usiku wakaweka ngazi kwenye ukuta wa nyuma, na asubuhi tulikuta ngazi, wao hatukuwaona. Mbwa anayeishi na watu anajua nani ni wa nyumbani na mgeni wa mchana huja vipi, kwa hiyo kelele yake ina maana, nasi tukiisikia tunaamka. Yule wa bandani anabwekea kila kitu, na mwenye nyumba ameshazoea hasikii.

Gharama zipo, nisizifiche. Manyoya yanatoka mwaka mzima, ninafagia mara mbili kwa siku na bado yanaonekana kwenye sketi yangu nyeusi darasani. Chanjo ya kichaa ni kila mwaka, na ya kwanza hutolewa mtoto wa mbwa akifika miezi mitatu. Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mahali pengi huchanja bure, kwa hiyo mtu asiseme hana hela. Baadhi ya mbwa hawa wana ugonjwa wa nyonga unaorithiwa, na anayenunua aombe kuwaona baba na mama wanavyotembea. Jambo jingine ambalo bwana mifugo wetu mwenyewe alinishukuru nilipomuuliza: ile ivermectin ya kuchoma ng'ombe kwa ajili ya minyoo na wadudu wa ngozi, mbwa asipigwe kwa kukadiria. Baadhi ya mbwa wa koo za kuchunga huzaliwa na kasoro ya kurithi inayoiachia dawa hiyo iingie kwenye ubongo. Kwa collie, aina nyingine ya mbwa wa kuchunga, ndiko inakopatikana zaidi, na German Shepherd wachache wanayo.

Gharama kubwa kuliko zote ni muda. Familia inayotoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa mbili usiku, wote, isinunue mbwa huyu. Nasema hivi nikijua wauzaji hawatanipenda. Kwenye mitandao wanatangazwa watoto wa mbwa kila wiki, picha nzuri, maneno "mlinzi mkali", na sijawahi kuona tangazo moja linalosema anahitaji mtu wa kukaa naye. Chukueni mbwa wa kienyeji aliyezoea jua letu, mmchanje, mmlishe, mmwachie uwanja. Au wekeni taa na kufuli. Mbwa aliyezaliwa kuzunguka kundi kutwa nzima, ukimweka ndani ya mbao, atakuja kutoka siku moja saa saba mchana, watoto wanakimbia, na visigino vyote vinampita mbele ya macho kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Binti yangu mkubwa amekwenda bweni, kidato cha kwanza. Wiki mbili za mwanzo Doria hakukubali kuingia ndani jioni. Alikaa getini mpaka saa nne usiku, maana hesabu yake haikutimia. Mwisho mume wangu alitoka na shuka la mtoto, akalitandika kwenye korido, ndipo akaja akalala. Binti aliporudi likizo alimsikia kabla bodaboda haijakata kona, sisi bado hatujasikia kitu.

Yule jirani aliyepoteza mbwa ni mtu mwema, naye ana watoto wadogo. Nimesikia ameshalipa arubuni ya mwingine, atakuja mwisho wa mwezi. Banda bado lipo, ameliongezea bati na kufuli kubwa zaidi. Nimezungumza na mke wake kisimani, nikamwambia akifika huyo mtoto wa mbwa wamlete kwetu jioni, Doria amfundishe adabu na binti zangu wamfundishe maneno manane, na kama ataweza kuamka, mimi hupita getini kwao saa kumi na moja na nusu. Amesema ataongea na mumewe.

Mama wa watoto watatu,
Moshono, Arusha